Siku Niliyogonga Turubai

Walikuwa wananiita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Muulize yeyote aliyefanya kazi Kariakoo miaka ile ya foleni za sukari na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, atakwambia. Gunia la mchele ambalo wenzangu walilibeba wawili wawili, mimi nililitia begani peke yangu nikavuka nalo barabara huku naimba. Jina langu hasa ni Rajabu, mtu wa Lindi, lakini hilo alilitumia mke wangu Hadija tu.

Jioni nilikuwa nakimbilia mtaa wa Gerezani kucheza judo. Judo! Mtaani kwetu wengi walikuwa hawajawahi hata kulisikia neno hilo. Ndugu Fumbuka, karani wa forodhani aliyejifunza mchezo huo masomoni ng'ambo, alipata ghala tupu karibu na reli. Tukajaza maranda ya mbao ndani ya turubai, tukalishona, likawa godoro letu la kuangukia. Magwanda alitushonea Elinami, fundi cherehani wa kutoka Kilimanjaro, mwembamba, mwenye miwani, ambaye naye alicheza. Jamani, ile raha! Unamzoa mtu mzima kwa nyonga, unamshusha chini, puu!

Mchezo huo una sheria moja. Mwenzako akikufunga mkono ukashindwa kujitoa, unagonga turubai kwa kiganja, naye anakuachia palepale. Mimi sikuwahi kugonga. Nilikuwa najinasua kwa nguvu tu.

Siku moja nilipangiwa Elinami. Nilimtupa vizuri, lakini alipoanguka hakuuachia mkono wangu wa kulia. Akaubana katikati ya mapaja, akalala chali, akaunyoosha. Kiwiko kikaanza kuwaka moto.

"Gonga, Winchi," alisema.

Nikacheka. Nikataka kumnyanyua kama ninavyonyanyua gunia. Mguu ukateleza, na uzito wangu wote ukashukia kiwiko kile kabla hajawahi kuachia. Nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini.

Nilipotazama, mfupa ulikuwa umetokeza kwa nyuma, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Nikatapika. Elinami alinishika kichwa huku analia kuliko mimi.

Hospitali walikivuta kiwiko kikarudi mahali pake, wakanifunga plasta. Ilipotolewa, nilikutana na mkono wa mtu mwingine: umekonda, una magamba, unanuka, na vidole vimejikunja kama makucha ya kuku. Daktari, mama mmoja mpole, alinidunga kwa sindano kidole kimoja kimoja.

"Unasikia hapa?"

"Sisikii, mama."

"Na hapa?"

"Hapana."

Akaweka sindano chini. "Mshipa wa fahamu umevutika sana. Unaweza kuamka, na unaweza usiamke. Wewe vichezeshe tu hivyo vidole kila siku, hata kama havitaki."

Nikarudi nyumbani Magomeni. Kubeba mizigo basi. Hadija akaanza kukaanga maandazi ya kuuza barazani. Kula kwa mkono wa kushoto nilikataa, kwa hiyo alinilisha tonge kwa tonge, pale uani, mbele ya wapangaji wenzetu. Machozi yalinitoka huku natafuna.

Elinami alipokuja, nilijua amekuja kuomba radhi. Kumbe amebeba shati kuukuu alilolishonea vifungo kifuani, mgongoni, mpaka mikononi. Vingine vikubwa vya koti, vingine vidogo kama punje ya mtama.

"Funga," akaniambia.

"Kwa mkono gani?"

"Huohuo."

"Si unaona haushiki!"

"Basi leo kifungo tukiguse tu."

Kila alipotoka kwenye cherehani yake alipitia kwangu. Kuna siku nilikasirika nikalirusha shati mchangani. Akaliokota, akalikung'uta. "Tuendelee, kaka?" Tukaendelea.

Ikawa siku moja mchana, kidole kidogo kikaanza kunitambaa kama kina sisimizi. Nilikunja uso kwa maumivu, na yale maumivu nikayapenda! Baada ya majuma mengi ya sisimizi wale, kidole gumba kikakutana na cha shahada, kikabana kifungo cha koti, kikakisukuma tunduni. Kikaingia!

"Hadija! Hadija, njoo uone!"

Akaja mbio, mikono imejaa unga. Akaangalia kifungo, akaniangalia, akapiga kigelegele. Wapangaji nao wakatoka, wakaitikia. Nyumba nzima inashangilia kifungo kimoja!

Niliporudi ghalani, Ndugu Fumbuka aliniambia, "Unaanza upya. Kuanguka tu." Nikaanguka pamoja na wageni waliojiunga juzi: ubavu, mgongo, mbele. Mkono haukuweza kunyanyua mtu, kwa hiyo ikabidi nisubiri, nisikilize mwenzangu anaegemea wapi, anataka kukanyaga wapi. Halafu nikavuta ukosi kidogo tu, kwa wakati wake, na pande la mtu likaenda chini lenyewe. Nilipiga ukelele mpaka watu wa reli wakachungulia! Mchezo niliodhani naujua, ndiyo kwanza nauona.

Hatimaye nikapangiwa Elinami. Akaupata mkono uleule, akaufunga vilevile, kisha akasita. Nilimwona anaogopa.

Nikagonga. Pa!

Aliachia kabla sijagonga mara ya pili. Akabaki amelala chali, anacheka na kujifuta macho. Na mimi nikacheka mpaka mbavu zikauma.

"Kumbe rahisi hivi," nikamwambia. "Haya, tena!"

Kiwiko changu hakinyooki chote, na mvua ikikaribia kinauma. Lakini kazi za mikono nazifanya. Namshukuru Mungu, na mama daktari, na Hadija wangu, na Elinami ambaye hakuchoka. Wewe uliye na kiungo kilichokataa, kichezeshe leo, kichezeshe na kesho, na anayekuja kukusaidia usimfukuze hata kama unamwonea haya. Ukipata nafuu, njoo Gerezani jioni. Vaa nguo isiyoogopa vumbi. Mimi ndiye ninayewapokea wageni siku hizi, na tutaanza kwa kuanguka.