Cheti Chini ya Kufuli Tatu

Marehemu alikuwa fundi wa kufuli, na mtaa mzima ulimwita Kufuli, hata mkewe siku akikasirika. Kwa miaka arobaini aliwafungulia watu milango iliyowagomea, na kazi hiyo ilimwingiza shaka moyoni. Alijua jinsi mlango unavyofunguka kirahisi. Kanisani alikaa kiti cha nyuma kabisa, ili awaone wote.

Kiwanja alichoishi alikinunua, pamoja na nyumba iliyokuwapo, kwenye mnada wa halmashauri. Mmiliki wa kwanza alihama, akaacha kulipa kodi ya ardhi miaka mingi, halmashauri ikakiuza. Kufuli akapewa cheti cha mnada, akakiweka kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu. Alipaswa kukipeleka ofisi ya ardhi, akiache huko wiki mbili, jina libadilishwe kwenye daftari. Hakukiacha.

Miaka ishirini na miwili baadaye, asubuhi moja, akaja kijana mwenye viatu vya kung'aa.

"Shikamoo, mzee. Nilizaliwa hapa, chumba kile cha kona. Baba yangu ndiye aliyekuwa na kiwanja hiki."

"Marahaba. Basi umeshakiona."

Kijana alicheka vizuri, akasifia maua, akaondoka. Kufuli akamwambia mkewe, "Alikuwa anahesabu madirisha." Mchana huohuo akabadilisha kufuli ya geti.

"Wewe mwanamume, umewahi kuona mwizi anayeanza na shikamoo?"

"Hao ndio wabaya."

Wiki mbili hazikuisha, ikaja barua ya mahakama. Kijana alidai kiwanja hakikuuzwa kamwe, na kwamba Kufuli alikuwa mpangaji tu. Ushahidi wake ulikuwa daftari la kodi: kila mwaka kodi ililipwa kwa jina la baba yake.

Wakili wa Kufuli, binti mwembamba aliyemwita baba, alizimwaga risiti zake za kodi mezani.

"Baba, umelipa wewe miaka yote hii kwa jina la mtu mwingine. Kwa nini hukuacha cheti wakabadilisha?"

"Wewe ungeacha? Karani alikuwa na droo isiyofungwa."

Binti alimtazama, akaona hatanii.

Mahakamani Kufuli alipeleka fotokopi. Hakimu akaigeuza mara moja. "Nataka cheti chenyewe, kikae kwenye jalada mpaka hukumu. Jumatatu kisipofika, nitaamua bila hicho." Kijana wa viatu alitabasamu kidogo, na Kufuli akaliona tabasamu lile. Aliona hata wakili wake anatabasamu, ingawa binti wa watu alikuwa anapiga chafya.

Jumapili, baada ya ibada, mkewe alimkuta amekaa na sanduku mapajani.

"Kipeleke, baba watoto."

"Nani amekutuma?"

Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. "Roho yako umemkabidhi Mungu na hukumdai risiti. Leo karatasi ndiyo imekushinda?"

Akazikagua kufuli zote tatu, moja moja. Lakini Jumatatu alifika masjala ya mahakama kabla haijafunguliwa. Alikagua kabati la majalada. "Kufuli hii hata uma wa chakula unaifungua," akamwambia karani, akatoa mfukoni kufuli mpya, kazi ya mkono wake, na funguo mbili. Karani alicheka sana, ila akaifunga. Ndipo Kufuli akakiachia cheti, kidole kimoja kimoja.

Tangu hapo kila Jumatano alikwenda, akaitingisha ile kufuli, akasema "Asante Mungu," akarudi nyumbani. Jumatano moja hakwenda. Moyo ulimsimama akiwa anavaa viatu.

Hukumu ilisomwa siku ya kumi na tisa ya msiba. Cheti ni cha kweli. Tangazo la mnada lilibandikwa inavyotakiwa. Kiwanja ni cha marehemu na warithi wake. Kijana alimpa mjane mkono wa pole, naye akaupokea, kisha akahesabu pete zake.

Alipofika masjala kuchukua cheti, mama alifungua kitambaa, akamwekea karani ufunguo mdogo mezani.

"Nimeukuta kwenye koti lake. Kumbe alitengeneza tatu."

Karani alishika kichwa. "Mama, angeweza kukichukua siku yoyote."

"Angeweza. Hakukichukua." Machozi yakamjaa. "Alitaka tu kujua kwamba anaweza."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja ofisi ya ardhi. Karani wa huko, kijana mpole, alinyoosha mkono. "Acha cheti hapa, mama. Baada ya wiki mbili tutakuwa tumebadilisha jina."

Mama alitazama droo ya meza. Haikuwa na kufuli. Alifumba macho, akasali kimoyomoyo, akakiweka cheti mkononi mwa kijana.

Kisha akavuta kiti mpaka mbele ya droo, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Fanya kazi yako, mwanangu. Mimi sina haraka."