Barua Iliyotoka kwa Watu wa Panya

Kabla sijamsifu marehemu, wasomaji wangu wa gazeti la ukutani, jueni kwamba aliyeiba barua yake ni mimi. Niliichomoa kwenye daftari lake la baiolojia wakati wa mapumziko, yeye akiwa hatua mbili tu mbele yangu, amenipa kisogo. Hata ningeangusha dawati asingegeuka. Nilipanga nimhangaishe kidogo, kesho yake nimrudishie. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa muhula, na juzi Jumatano malaria ikampanda kichwani. Alhamisi tukatangaziwa mstarini kwamba hatunaye. Hakuwa rafiki yangu. Alikuwa mtani wangu: kwao Wagogo wa Miyuji wenye shamba la zabibu, kwetu Wanyamwezi ambao babu zao walitua mizigo ya misafara hapa wakagoma kuibeba tena. Yeye aliniita mpagazi, nami namna nilivyomwita haibandikwi ukutani.

Mnajua kwamba homa ya uti wa mgongo ilimchukua masikio tukiwa kidato cha pili. Msichokijua ni jinsi nilivyomwonea wivu kiziwi. Ndiyo, chekeni tu. Alipewa dawati la mbele. Wasichana wenye mwandiko mzuri waligombea kumnakilia notisi, wakati mimi daftari langu hata mbuzi asingelitafuna. Na kubwa kuliko yote, aliniharibia kazi yangu ya kuchekesha. Nikitoa kichekesho, darasa linaangua kicheko, halafu wote wanageuka kumtazama yeye. Mtu anamwandikia pembeni nilichosema, anasoma polepole, kisha anacheka peke yake kwa sauti kubwa ambayo mwenyewe haisikii, na darasa linacheka upya. Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hakikuwa changu.

Ni yeye aliyetuletea habari za seli shina, alizozisoma kwenye jarida kuukuu la maktaba ya mkoa. Siku moja alikuja na kipande cha mzabibu uliopogolewa, akatuonyesha jicho la ule mti, pale chipukizi linapotokea. "Hili bado halijaamua," alisema. "Linaweza kuwa tawi, linaweza kuzaa. Mwilini nazo zipo seli ambazo hazijaamua. Wataalamu wanajaribu kuzifundisha ziwe mishipa ya fahamu, ziwe pia vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyokamata sauti. Vyangu vilikufa." Nikamwandikia: Kwa hiyo mtani, utaota zabibu masikioni? Akasoma, akacheka hadi akashika ukuta. "Zikiota, mpagazi, utazibeba wewe kichwani mpaka sokoni!" Darasa likafa kwa kicheko. Mmeona? Hata kichekesho nilichokianzisha mimi alikimaliza yeye.

Halafu akawaandikia watafiti wenyewe, huko ng'ambo, na wakamjibu. Mwalimu wa baiolojia alitusomea barua ile akitafsiri sentensi moja moja: kwamba kazi yao bado iko kwa panya wa maabara, kwamba hawawezi kumwahidi kitu, lakini maswali yake ni mazuri na wangependa aandike tena. Kuanzia siku ile nikaacha kuwa mtu. Walimu wakipita wanamshika bega. Mimi, ninayejulikana mpaka Chimwaga kwa mdomo wangu, sijawahi kuandikiwa na mtu yeyote zaidi ya mwalimu wa nidhamu, tena akiwaandikia wazazi wangu. Ndipo nikaichomoa. Anwani ya wale watu ilikuwa humo tu. Alitafuta kila mahali, akatuuliza mmoja mmoja, nami akaniuliza nikamtikisia kichwa. Hakuandika tena.

Tangu milango ya biashara ifunguliwe, tumezoea kwamba kila kitu kitakuja. Mitumba imekuja, redio za watu binafsi zimekuja, maduka ya dawa yameota kila kona, na mtu akiwa na simu ya mkononi anapiga kelele barabarani ili tumwone. Tunasubiri mzigo ushushwe. Ni yeye peke yake, kati ya niliowajua, aliyeona kwamba kuna vitu haviji vyenyewe, lazima uviulizie kwa kalamu. Hilo nalo namwonea wivu, mpaka sasa ninavyoandika.

Jumamosi tukaenda kuzika, mimi na mama. Nilipoona umati ule wivu ukanipanda tena, nakiri, maana umati wa kunizika mimi hautafika nusu yake. Barua ilikuwa mfukoni. Nyote mnajua watani wana ruhusa msibani: wanachukua kitu, wanagoma, wanawachekesha wanaolia. Basi zamu yangu ya kuaga ilipofika niliinama juu ya jeneza, nikainuka na bahasha mkononi kana kwamba nimeitoa humo, nikipiga yowe: "Nyie Wagogo! Mnataka kumzika na mali ya watani?" Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Nikajiona nimemaliza: barua imerudi, hakuna aliyejua, na kicheko safari hii kilikuwa changu chote.

Mama wa marehemu akaipokea, akaitambua. Hakucheka. Akamwambia mumewe, "Kumbe alikuwa nayo." Baba yake akainamisha kichwa. "Aliniapia kwamba imeibwa. Nikamwambia mwongo, ameichoka. Nikajuta usiku kucha. Kumbe kweli alinidanganya." Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kusema. Nikarudi nyuma ya watu, nikamvuta mama tuondoke kabla ya kwenda kaburini.

Tulipofika barabarani nikamweleza mama kila kitu, na nikaongeza kwa haraka kwamba ulikuwa utani. Baadaye niliyasema yote mbele ya wale wale waliocheka, na baadhi yenu mlikuwepo, kwa hiyo sina la kupamba. Nilichojifunza ni kwamba utani unaruhusu kumchokoza mtu, hauruhusu kumwonea wivu ukauita utani. Lakini siku ile pale barabarani mama alisimama, akajifunga kanga upya, akasema: "Alipokuwa hasikii ulimwibia barua. Sasa hasemi, umemfanya mwongo mbele ya baba yake. Geuka, turudi, kabla hawajamfukia."