Mwaridi Usiotaka Mtu

Kwetu Lupepo ukipanda kitu kisicholiwa, watu wanauliza umepatwa na nini. Udongo wetu hauna hiana. Mpini wa jembe ukiusahau mvuani, unaweza kurudi ukaukuta na majani. Mtu mwenye akili zake aliyejaliwa udongo kama huo anapanda migomba, anapanda parachichi, na pembeni majani ya ng'ombe. Ikupa alipanda maua. Nilimcheka, tena usoni, maana yeye na mimi tulibatizwa siku moja na uzee umetukuta tukiazimana chumvi.

"Gwe Ikupa," nilimwambia, "jioni utayaunga kwa karanga?"

"Njoo na sahani yako, Vaileth," akajibu, wala hakugeuka.

Mwaridi ule uliletwa na Lwitiko, kitinda mimba wake. Kijana alikuwa akitunza bustani ya nyumba ya wageni pale Tukuyu mjini. Kule mbele, wageni wanakopigia picha, palikuwa na mawaridi makubwa ya kujidai, na kila masika yaliugua: majani yanapata madoa meusi, yanapukutika, mpaka yapigwe dawa kama nyanya. Lakini nyuma, kwenye uzio wa jikoni, ilikuwepo miwaridi mingine ya kichaka, maua yake madogo ya rangi ya waridi iliyoiva, mengi kama njugu sokoni. Hiyo haikupigwa dawa wala kupaliliwa. Mara moja kwa mwaka mtu aliipitia na panga, akaikata mpaka usawa wa goti, nayo ikarudi na hasira mpya. Lwitiko alikata kijiti kimoja, akakifunga kwenye jani bichi la mgomba, akakichomeka mbele ya mlango wa mama yake.

"Huu hautaki mtu, mama," alisema. "Ukiusahau ndiyo kwanza unachanua."

Ulichanua kweli. Mbuzi wangu waliula siku moja ukabaki vijiti vitupu, nikajiandaa kwa ugomvi, lakini kabla ugomvi haujaiva mwaridi ulishatoa machipukizi. Ikupa akanisamehe kwa sababu ya machipukizi hayo.

Kisha Lwitiko akafa. Bodaboda, mvua, barabara ya Kyimo, basi. Sina la kuongeza na sitaki kuongeza. Tulimzika nyumbani, kando ya migomba, kama tunavyozikana huku.

Hapo inabidi nieleze hofu ya Ikupa, maana bila hiyo mtamwona mwehu. Mama yake alizikwa Nkunga, Ikupa akiwa bado msichana. Alipokuja kuolewa na kupata watoto alirudi kuliona kaburi. Hakuliona. Udongo wetu huo huo unaootesha mpini unameza kaburi pia: tuta linashuka, nyasi zinapanda, migomba inazaa watoto na kuhama kidogo kidogo. Kaka yake akamwonyesha mahali, akasita, akamwonyesha mahali pengine. Ikupa akasimama katikati ya sehemu zote mbili akaomba hapo. Aliniambia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale, "Mama yangu nimempoteza mara mbili."

Hakutaka Lwitiko apotee. Watoto wake wengine wawili, Hezron na Prisca, wako Dar es Salaam na Mbeya, na wote tunajua mtoto akishajenga mjini harudi kulima. Yeye akifa, nani angejua kijana amelala wapi? Kwa hiyo akauchimba mwaridi wote na bonge la udongo wake, akauhamishia kaburini, upande wa kichwa. Akautia samadi mara moja tu. Baada ya hapo hakuugusa.

Namaanisha kweli hakuugusa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na kaburi, jembe limelala miguuni, na magugu yamefika magotini. Nikachukua jembe nimsaidie kupalilia, akanidaka mkono.

"Uache. Naupima."

"Unaupima nini?"

"Kama unaweza kuishi bila mimi. Nikiudekeza utanizoea, halafu siku nikifa nao utakufa, na wewe Vaileth utasema ni mapenzi ya Mungu."

Masika ikapita, kipupwe kikapita na baridi yake, mwaridi ukanyanyua kichwa juu ya magugu na kuchanua kuliko ulivyochanua mlangoni. Ikupa alifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka tangu msiba. Alisema sasa hata akiitwa kesho, ataondoka.

Lakini macho ya watu yana kazi yake. Watu hawakuona mtihani, waliona pori. Pale kanisani wakaanza kunong'ona kwamba kaburi la yule kijana limetelekezwa, na mama yake anakaa analitazama tu. Mnong'ono ukapanda simu ukafika Dar es Salaam. Hezron anauza vifaa vya ujenzi. Mtu kama huyo ukimwambia kaburi la mdogo wake limeota pori, umemtukana.

Walikuja kabla ya Krismasi, yeye na dada yake. Prisca akamchukua mama kwenda Mbeya kutibiwa magoti. Gari lilipoondoka tu, fundi akaingia na masanduku ya vigae. Nikavuka mpaka wa mashamba yetu mbio, na mimi si mtu wa mbio tena.

"Hezron, mwanangu, huo mwaridi usiuguse. Mama yako ana maana nao."

"Mama mdogo, shikamoo," akasema, maana ana adabu, siwezi kumnyima hilo. "Mizizi itapasua zege. Na huyu mzee ana magoti mabovu, atapalilia mpaka lini? Tunampumzisha."

"Hapalilii!"

"Ndicho hicho watu wanachosema," akajibu kwa upole, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. Nifanyeje na mtu anayekosea kwa kupenda? Angekuwa mhuni ningempiga fimbo. Wakachimba msingi, mizizi ikatoka, wakafagia ua kwa ajili ya sikukuu, na matawi yakachomwa pamoja na majani makavu ya migomba.

Ikupa alirudi anatembea vizuri kidogo. Wakamziba macho kama mtoto, wakamfikisha, wakamfumbua. Vigae vyeupe viling'aa, na jina la Lwitiko limeandikwa kwa maandishi meusi. Pale kichwani, kwenye chombo cha saruji, Hezron alikuwa ameweka mawaridi ya plastiki.

"Haya hayataki hata mvua, mama," alisema.

Ikupa akatazama vigae, akatazama watoto wake. Akashika mikono yao wote wawili. "Ndaga," akashukuru. "Ndaga fijo, wanangu." Majirani wakapiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyumbani kwangu nikalia kwa hasira.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Ikupa alijaribu kuyazoa. Watoto walipoondoka alipekua jivu na kona zote za ua, akapata kijiti kimoja kilichokimbia moto chini ya beseni. Akakichomeka mlangoni, pale pale pa zamani. Kikatoa majani mawili. Akaniita nione, nami nikamwambia si unaona, Lwitiko amerudi, maneno ambayo nilitamani baadaye niyameze. Kijiti hutoa majani kwa utomvu uliobaki, kabla hakijaamua kama kitaishi. Majani yakasinyaa. Alipokivuta kilikuwa kimelowa tu chini, hakikuwa na hata mzizi mmoja. Katika udongo huu unaootesha mipini.

Tukaenda Tukuyu, kwenye ile nyumba ya wageni. Nilimshika mkono mteremko wote. Nyuma ya jikoni wamepanga matofali ya pevingi na magari yanaegeshwa. Mlinzi alituuliza tunamtafuta nani. Ikupa akasema, "Hakuna mtu, baba," tukarudi.

Vigae, basi. Nani aliwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba mvua ya Rungwe inaogopa vigae? Masika ilipoingia vikashika ukungu wa kijani, kisha mweusi, na lile jina likaanza kuzama humo. Mawaridi ya plastiki yakaota kuvu kwenye mikunjo. Ikupa, ambaye mwaridi wake haukutaka mtu, sasa kila Jumamosi anapiga magoti yale yale mabovu, na brashi na sabuni ya kipande, anasugua kigae kimoja kimoja. Maua anayaosha kwenye beseni, moja moja, kama vikombe vya wageni. Akiruka wiki mbili kwa homa, jina halisomeki. Upande wa chini msingi umeshaanza kutitia, na kigae kimoja kimebanduka.

Hezron amepigiwa simu. Amesema atatuma fundi mwingine. Hezron ni mtoto mzuri.

Juzi nilimkuta Ikupa amekaa pale, brashi mapajani, povu limemkaukia mikononi. Nikakaa naye. Akaniuliza bila kunitazama.

"Vaileth, nikifa utanioshea hapa?"

Wajukuu wangu wako Mbeya na Dodoma. Mtu wa parachichi anaomba kukodi shamba la migomba la Ikupa, na la kwangu pia. Niliyajua yote hayo na yeye aliyajua.

"Nitakuoshea," nikasema.

Akaniamini, au alifanya kama ameniamini. Tulibatizwa siku moja, mimi na yeye, na ili tunyanyuke pale ilibidi tushikane mikono, kila mmoja akimvuta mwenzake.