Mama Matone na Lita Moja ya Kisima

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Matone ananawa mikono kwa mara ya tatu. Hajapaka mafuta wala kujipulizia manukato. Ni miaka kumi na tisa sasa tangu aanze kazi ya maabara, na siku za kazi hanukii chochote.

"Mume wangu kashazoea," anacheka. "Mafuta yakigusa sampuli, mashine itasoma mikono yangu badala ya kisima."

Kisima chenyewe hunywesha kaya mia mbili. Kimefungwa wiki tatu, tangu pipa la dawa ya kuua wadudu lilipopasuka jirani yake. Mlinzi wake, mzee mwenye kofia ya sufu, ameketi kwenye benchi mlangoni pa maabara, akisubiri kuambiwa afungue au afukie.

Hii ni safari yake ya pili. Mara ya kwanza alileta maji kwenye chupa ya soda, aliyoisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa. Mama Matone alijua papo hapo hayafai, maana plastiki na sabuni huacha mabaki yao majini. Hakumcheka. Alimvutia kiti, akampa chupa ya kioo.

"Usioshe kitu, baba. Jaza tu, ufunge."

"Kumbe nilijitwika povu!" mzee anasema leo, akijicheka.

Sasa lita moja ya maji aliyoleta inapita kwenye kibomba chenye unga mweupe. Maji yanakwenda zake. Dawa, kama imo, inanaswa na unga. Tone, tone, tone, saa tatu nzima. Unga ukikauka kabla maji hayajaisha, kazi imeharibika na mzee anaanza upya. Mama Matone habanduki. Mwenzake amemwekea chai nje ya mlango, na kuifunika kwa kisahani.

Kisha anauosha unga kwa kiyeyushi, kimiminika kinachoibandua dawa, na kukikausha polepole kwa gesi, mpaka kilichobebwa na lita nzima kinaenea ndani ya matone kumi. Humo, mashine ya chumba cha pili inaweza kuona kiasi cha chembe moja ya chumvi katika mapipa matatu ya maji.

Alasiri karatasi inatoka. Anaisoma mara mbili kabla ya kwenda mlangoni.

"Baba, hamna kitu."

Mzee anavua kofia. "Hata chembe?"

"Hata ya kuonwa na mashine. Wiki ijayo niletee chupa nyingine. Ikisema hivi hivi, fungua."

"Nitaleta, mwanangu. Na siigusi kwa sabuni!"

Siku kisima kitakapofunguliwa, Mama Matone ataomba ruhusa aende kisimani, amepaka mafuta na kunukia.

"Miaka yote nayahesabu maji tone kwa tone," anasema. "Hapo nataka niyanywe kwa pupa, yachuruzike mpaka shingoni."