Viti Saba Ukumbini

Asubuhi moja ya mwezi wa saba hainitoki akilini, mwanangu. Nilikuwa nimeinama kwenye karo nyuma ya nyumba yetu ya Shauri Moyo, nasugua sufuria ya uji, nilipoinua macho nikamwona mgeni wetu akiipima nyumba kwa miguu. Aliweka kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole, kutoka mlangoni hadi kwenye chumba cha mabati, midomo ikihesabu. Kisha akafungua daftari lake la kijani akaandika.

Nakueleza haya kwa sababu ya maneno uliyoniletea jana. Uliniambia yule mwanafunzi mgeni anayekaa kwa Mama Brayo anazunguka na simu akirekodi watu wakiongea, kwamba amebakisha wiki mbili arudi kwao, na kwamba nyinyi vijana mmeshakata shauri kuwa ni kachero. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Nilikuwa naona aibu tu. Nilikuwa nikijitazama mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mdomo huo huo.

Mgeni wetu aliitwa Klara. Alitoka Ujerumani kuja kusoma Kiswahili katika likizo yao ya kiangazi, na shule yao ndogo ya lugha iliwagawa wanafunzi katika nyumba za watu. Maskini alikuja na magauni mepesi, akaikuta baridi ya Julai inamsubiri. Mama yangu akamtafutia sweta katika soko la Gikomba, akampa na jina: Nasimiyu, ambalo sisi Wabukusu humpa msichana aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Mama aliupenda sana mzaha huo, akawa anamwita kwa sauti mpaka majirani wasikie. Wiki za kwanza mimi na Nasimiyu tulikuwa chanda na pete. Nilimfundisha kufua kwa mkono, naye alinichekesha kwa jinsi alivyousonga ugali akiwa amefumba macho kwa ajili ya moshi.

Lakini ielewe hofu yetu. Baba alikuwa mfanyakazi wa jiji, ndiyo maana tukapewa nyumba ile ya vyumba viwili. Alipofariki, karatasi ziliendelea kubeba jina lake. Na uani tulikuwa tumesimamisha vyumba vya mabati: kimoja alilala binamu yangu Wafula, aliyekuwa akifanya kibarua viwandani kule Baba Dogo, na kingine alikaa Baba Oti, fundi wa viatu, pamoja na mkewe. Hakuna karatasi iliyovijua vyumba hivyo. Kila mwaka ulizuka uvumi kwamba nyumba zitahesabiwa na watu wengine watolewe. Sasa wewe mtu akikupimia nyumba katika hali hiyo, utamwona malaika?

Nilianza kumchunguza. Kumbe alikuwa akiuliza mengi. Nani analala wapi. Wafula na Baba Oti, nani mkubwa. Kukhu, yaani nyanya yangu, alasiri hupenda kuketi upande gani. Siku moja nilimfuata kwa mbali nikamwona amesimama na mwanamume aliyebeba faili, wakiongea huku msichana akionyesha laini yetu ya nyumba kwa kidole. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaiona familia yangu na vyombo vyetu barabarani.

Kisha akasahau daftari kwenye kiti. Nilijua ni vibaya, nikalifungua. Humo mlikuwa na picha ya nyumba yetu, ukuta kwa ukuta, mabati na yote. Ndani ya kila chumba kulikuwa na majina, na kila jina lilikuwa na namba. Kukhu moja. Mama mbili. Baba Oti tatu. Mimi nilikuwa sita. Pembeni ameandika kwa lugha yao. Nilimkuta dakika tano baadaye akianika nguo kwenye kamba, hatua tatu kutoka kwangu. Alinitabasamia. Sikumuuliza kitu.

Nilienda moja kwa moja kwa Baba Oti.

"Baba Oti, huyu msichana anatuchora."

"Anatuchora aje?"

"Nyumba yote, mpaka kwako. Na amekupatia namba."

Akaiweka chini kandambili aliyokuwa akishona. "Basi ametumwa na kanjo, hao watu wa jiji."

"Mimi sijasema," nikamjibu. "Lakini wewe fikiria tu."

Mwanangu, katika maneno yote niliyowahi kutamka, hilo la "mimi sijasema" ndilo ninaloliogopa. Nilimpa mtu moto, kisha nikamwonyesha mikono yangu haina kiberiti.

Siku mbili hazikuisha kabla uani hapajageuka. Wafula akisalimiwa alisema "poa" huku anafunga mlango. Mama Wambo wa nyumba ya pili, aliyeuzia maandazi uani kwetu, alimwambia yameisha, na beseni liko pale limejaa. Hata Kukhu alirudisha mkono wake ndani ya shuka. Nasimiyu aliendelea kupita akisalimia kila mmoja, kila asubuhi, kwa mpangilio ule ule, na kila asubuhi sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. Mama akaniuliza kama kuna msiba hajaambiwa. Nikasema sijui.

Ikabaki wiki moja aende kwao. Akatuletea kadi alizoandika kwa mkono, moja kwa kila mtu, za kutualika ukumbi wa kanisa Jumamosi saa nne. Ndio ulikuwa mtihani wao wa mwisho: kila mwanafunzi asimame mbele ya walimu aeleze nyumba aliyokaa, wenye nyumba wakiwepo. Mimi nikasikia mtego. Nikamnong'oneza Kukhu kwamba huko watu watalazimishwa kutia sahihi na nyumba ya mwanawe iende. Yule mama mzee akaingia kitandani akajifunika. Wengine hawakuhitaji hata kushawishiwa. Mama alivaa gauni lake la kanisani akaenda, nami nikamfuata ili nimkamate msaliti kwa macho yangu.

Tulipoingia, Nasimiyu alikuwa amepiga magoti sakafuni na chaki. Aliichora nyumba yetu pale chini kwa ukubwa wake wenyewe. Mlango ulikuwa mahali pake, karo mahali pake, vyumba vya mabati mahali pake. Ndipo nikajua hatua zile zilikuwa za nini. Na kila mahali mtu wa kwetu alipopenda kuketi, aliweka kiti. Viti saba. Yule mwanamume wa faili alikuwa ameketi mbele na walimu wenzake, akitazama saa.

Walingoja. Mama akaketi kwenye kiti chake, nami nikaketi kwenye changu, kando ya karo ya chaki. Vitano vikabaki vitupu. Mwalimu akamwambia aanze tu.

Nasimiyu akaanza. Alisema wiki ya kwanza alifanya kosa kubwa, alimsalimia Kukhu wa mwisho baada ya vijana, na Kukhu hakumsemesha siku nzima. Tangu hapo akaandika katika daftari nani ni mkubwa kwa nani na hukaa wapi, ili asimvunjie mtu heshima tena. Kisha akaenda kwenye kiti cha kwanza, akainama, akanyoosha mkono kwa mtu asiyekuwepo. "Mulembe, Kukhu." Akangoja kidogo, jinsi mtu anavyongoja kujibiwa. Akageuka akamsalimia Mama kwa mikono miwili, Mama akaushika mkono asiutoe. Akaenda kwenye kiti cha Baba Oti, akamuuliza habari za kazi. Akakisalimia kiti cha mkewe, kiti cha Mama Wambo. Walimu walikuwa wameacha kuandika.

Akafika kwangu.

"Huyu ni dada yangu Nekesa," alisema. "Alinifundisha kufua. Siku hizi haongei na mimi. Sijui nilikosea wapi. Nikijua, nitaomba msamaha."

Akanyoosha mkono. Nikaushika, na sikuweza kuinua uso. Akamalizia na kiti cha Wafula, watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani saruji ile inimeze.

Njiani kurudi nyumbani nikamweleza Mama yote. Mama yangu hakuwa mtu wa kufoka. Alisimama kando ya barabara akanitazama.

"Ulimuuliza yale maandishi ni ya nini?"

"Hapana, Mama."

"Watu wote wa uani uliongea nao, isipokuwa yeye."

Basi. Maneno hayo nayakumbuka hata leo.

Nilimwomba Nasimiyu msamaha siku ile ile, kwenye karo. Alilia, kisha akacheka, kisha akaniuliza kwa nini sikumuuliza. Nilipita mlango kwa mlango nikisafisha nilichochafua. Kukhu alitoka akampa mkono na kumbariki. Wafula alimbebea sanduku siku ya kuondoka. Lakini Baba Oti alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mtoto, sasa amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa hata wewe."

Na hapo ndipo panaponiuma. Miaka ilipita, wakaja kweli watu na fomu wakahesabu nyumba. Hakuna aliyetolewa, nyumba ile tunayo mpaka leo. Lakini watu walisema, si ni yule Mzungu wa Mama Nekesa aliyetuchora. Walisema hivyo mama yangu akipita na kikapu chake. Walisema hivyo mpaka alipozeeka. Mama yangu, aliyemfungulia mtu mlango na kumvika sweta, alibeba jina la kuuza majirani zake, na jina hilo nililishona mimi. Tulimzika nalo.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kushuku. Hapa Eastlands asiyeshuku anaibiwa viatu miguuni. Nakuambia hivi: shaka yako ipeleke kwa mwenyewe kabla hujaifikisha kwa mwingine. Yule kijana wa kwa Mama Brayo, mwendee, mwambie, "Niaje, unarekodi nini?" Akikudanganya, utaona machoni. Akikuambia kweli, utakuwa umemwokoa yeye, na umemwokoa Mama Brayo pia, ambaye atabaki hapa na midomo yenu ndege ikishaondoka. Usingoje wiki mbili ziishe. Mimi nilizinduka katika wiki yake ya mwisho, na siku zilizobaki hazikunitosha.

Mungu akupe ujasiri wa kuuliza, mwanangu, na akuzibe mdomo pale unapotaka kusema "mimi sijasema." Kila atakayeingia kwenu mgeni aondoke akisalimiwa. Na mama yako, siku akipita mbele ya milango ya watu, aitikiwe.