Ua la Muungoni na Jina Lake

Enzi zetu, tulipokuwa wadogo, jina la ua lilingojewa. Najua mtu wa miaka kumi na saba hana haki ya kusema enzi zetu, lakini nna mdogo wangu wa darasa la pili ambaye hata foleni ya mkate hawezi kuingojea, basi nasema.

Likizo za masika tulitolewa Mji Mkongwe tukapelekwa shamba, Muungoni, kwa bibi yetu, Bi Mize. Huko tulikula muhogo wa nazi, tukacheza nage mpaka miguu ikawa myekundu kwa udongo, na pembeni mwa msitu tukalikuta ua lile likiparamia vichaka: jekundu, kingo za manjano, petali zimejipinda juu kama upanga wa jogoo. Kiangazi kikiingia lilikauka lote, na masika mengine likachipua palepale, maana kiazi chake hubaki chini. Sisi wa mjini tuliliita jogoo. Wenzetu wa shamba waliliita moto wa pepo. Bibi aliliita "lile", na macho anayapeleka kwengine.

Kiazi chake ni sumu. Jina lake la kweli, pamoja na masharti yake, msichana alipewa akivunja ungo, na halikutamkwa mbele ya wanaume. Binamu yangu Mashavu alipewa mwanzo. Alirudi kutoka nyuma ya nyumba anatembea kama mke wa sheha. Nikamuuliza.

"Nenda kacheze nage, mwanangu," akaniambia. Tulikuwa tukivaa viatu saizi moja.

Zamu yangu ilipofika, Bibi alikuwa kitandani, hawezi, sauti inamwishia. Wakubwa walikuwa wakilia. Mimi niliogopa atakwenda nalo. Akaniita, nikaitika naam, akanivuta sikio mpaka mdomoni mwake.

"Nshakwambia," akasema alipomaliza. "Sasa litunze."

Mwezi uliopita ua lile lililetwa skuli ndani ya chupa. Mwalimu wa bayolojia akaandika jina lake la Kilatini, wavulana wakalinakili huku wanapiga miayo. Halafu akauliza kama yupo anayejua jina lake la kwetu.

Nililijua. Wavulana walikuwa safu nzima nyuma yangu. Niliinamisha kichwa, jambo ambalo kwangu halimshangazi mtu.

Mwalimu akasubiri kidogo, kisha akaandika ubaoni: kwa Kiswahili, halina jina. Nami nikanakili, kwa mwandiko mzuri.