Nguo Isiyo na Alama

Mwenye kuamini na aamini: yule fundi aliyeitwa Bi Chaki aliweza kuuona mshono uliopinda ndani ya kabati lililofungwa, tena kabati la nyumba ya pili. Aliwafundisha wasichana kushona katika chumba kimoja chenye vyerehani sita na dirisha moja. Ukimpelekea kazi, aliipitisha mbele ya pua kama anainusa, na palipokosewa alipiga msalaba wa chaki.

“Fumua, binti.”

Basi. Wapo waliofumua mpaka kitambaa kikaota mvi. Na kazi safi je? Aliirudisha bila alama, bila neno. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa sifa kuu. Mama yake mzazi, aliyemfundisha ufundi, naye hakuwahi kumsifu, na yeye hakupungukiwa kitu, au ndivyo alivyojiambia. Tatizo ni kwamba siri hiyo hakumwambia mtu.

Alikuwapo mwanafunzi mmoja mwembamba, wenzake wakimwita Sindano. Mwaka wa kwanza nguo zake zilirudi na misalaba kama makaburini. Mwaka wa pili ikapungua. Kisha miezi minane mfululizo, hakuna hata nukta. Bi Chaki akibaki peke yake alizigeuza zile nguo nje ndani, akatabasamu: huyu ndiye atakayekishika chumba hiki. Maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alishamwambia wazi kwamba hayatarudi. Asipompata mtu, chumba kinafungwa.

Asubuhi moja Sindano hakuja. Wala ya pili. Wiki ya tatu Bi Chaki akaulizauliza, akaelekezwa kwa dobi, nyuma ya soko. Akamkuta anapiga pasi mashuka, jasho linamtiririka.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Umehamia jikoni kwa shetani, binti? Joto gani hili! Hebu rudi, macho yangu yanazimika, nikukabidhi chumba.”

Sindano akacheka kicheko kikavu. “Mimi? Ambaye kazi yangu uliacha hata kuitazama?”

“Nani kakwambia siitazami?”

“Miezi minane, mwalimu! Wenzangu unawachorea, unawafokea. Mimi unanirudishia tu, kama mtu anayerudisha sahani chafu. Nikajua umenikatia tamaa.”

Bi Chaki akashika ukingo wa meza. “Ilikuwa nzuri, mwanangu. Ndiyo maana sikuchora.”

“Nzuri vipi?”

Maneno ya namna hiyo hayakuwahi kupita kinywani mwake. Yalitoka yakichechemea. “Ile kola... ya shati la samawati. Pembe zake mbili zilikaa sawasawa, hazikuvuta. Mimi nilishona miaka kumi ndipo nikaipata pembe ile.”

Pasi ikasimama. “Uliliona hilo?”

“Nililiona.”

“Na ukanyamaza.” Sindano akajifuta uso kwa kiwiko. “Shati lile nililichana, mwalimu. Nikalifanya tambara la mlangoni, watu wafutie miguu.”

Bi Chaki akanyoosha mkono amshike bega; Sindano akasogea pembeni.

“Leo macho yamekusumbua, unataka wa kukushikia chumba, ndipo kazi yangu imekuwa nzuri. Nitajuaje kama ni kweli?”

Dobi akaita kutoka ndani, mashuka yanangojwa. Sindano akaishika tena pasi, kisha akasema kwa upole, ule upole unaouma kuliko tusi, “Nenda salama, mwalimu. Shika ukuta, hapo pana ngazi.”

Bi Chaki alifundisha miezi mitatu zaidi, kisha chumba kikafungwa. Siku ya kwanza ya miezi hiyo, msichana mmoja alimletea aproni. Akaipapasa taratibu kwa vidole, halafu akasema kwa sauti, chumba kizima kisikie:

“Pindo hili umelipatia. Upana ni mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Mfuko ndio umepanda juu, ushushe kidogo.”

Vyerehani vyote vikanyamaza. Wasichana wakatazamana, na mmoja akatoka mbio kumletea maji, akidhani mwalimu kaugua.